Mabano niliyoyasahau siku ya singo ya Nuru

Alhamisi. Mawingu yamekaa juu ya Kisauni tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Mikono yangu inanuka mawaridi na manjano.

Leo nimemleta bwana harusi kwenye singo.

Naiandika hivyo ili niizoee. Kwa asiyejua, singo ni siku bibi harusi anaposingwa, yaani kusuguliwa mwili mzima kwa liwa, ule unga wa msandali, na manjano. Huwa ni wanawake watupu, nywele wazi, mabuibui yametundikwa. Dada yangu Nuru amewekwa ndani wiki nzima, na Salim, mchumba wake, ambaye ni mtoto wa ami yetu, hatakiwi kumwona mpaka nikaha ipite. Nuru amelichunga hilo kweli. Hata dirishani hakai.

Mimi niliombwa jambo moja tu. Mama alisema, "Wewe si wajifunza kompyuta? Basi nichagulie wanawake wa kuwaita."

Majina ya harusi yote yalikuwa kwenye kompyuta ya Nuru, na kila mtu ana alama zake: kama ni jamaa, kama ni jirani, kama ni mwanamke. Nikaandika sharti la mstari mmoja, nikajiona mtu:

jamaa or jirani and mwanamke

Or ni "au", and ni "na". Kichwani mwangu ilikuwa wazi kabisa: awe jamaa au jirani, lakini lazima awe mwanamke. Nikajaribu kwa watu watatu. Shangazi akapita, jirani yetu wa ukuta mmoja akapita, mumewe akakataliwa. Nikaridhika.

Mwanamume wa ukoo wetu sikumjaribu hata mmoja.

Ujumbe ukatoka kwa simu ya Mama: karibuni nyumbani Alhamisi baada ya alasiri, kuna shughuli ya Nuru. Neno singo sikuliandika. Niliona haya.

Shughulini nilipewa mlango, maana siimbi wala sichezi na kila mtu anajua. Vigelegele vimepamba moto, nikasikia hodi. Sauti nzito. Nikafungua kidogo. Ami Bakari, babake Salim, kanzu na kofia, pakiti ya tende mkononi. Nyuma yake wajomba wawili. Nyuma ya wajomba, Salim.

Nikaushika mlango kwa mikono miwili.

"Tumeikuta dua?" Ami akauliza.

Kati yao na Nuru palikuwa na leso moja tu iliyotundikwa mlango wa ndani, na feni ilikuwa ikiinyanyua.

Shangazi Mwanaisha akatoka kuangalia, akakutana nao uso kwa uso, akajifunika kichwa kwa sinia ya halua. "Salim! Huna haya wewe? Umekuja kuchungulia?"

"Nimeitwa, Shangazi," Salim akasema. Alikuwa keshaugeukia ukuta wa nje.

"Na nani?"

"Na mama mkwe. Mkwe akiita, waulizaje?"

Mama, ndani, akasema kwa sauti, "Mimi? Wallahi sijamwita."

Hapo nikamwona Ami Bakari anabadilika uso. "Kwa hiyo mwanangu mwongo," akasema polepole. "Salim, twende zetu. Hapa hatuna harusi."

Sijawahi kuogopa vile. Maneno kama hayo yakitoka mlangoni, ndani husikika, na Nuru alikuwa papo hapo nyuma ya leso.

"Ni mimi, Ami," nikasema. Sauti yangu mwenyewe sikuijua. "Salim ameitwa kweli. Kompyuta nimeiamrisha vibaya, na Mama hakujua."

Ami akanitazama. "Kumbe wewe wasema? Mimi nilidhani umezaliwa bubu." Akanipa zile tende, akawageuza watu wake. Alikuwa anacheka.

Walipoondoka nikaenda kuketi na ule mstari wangu.

Nilidhani kompyuta inasoma kama nisomavyo mimi, kushoto kwenda kulia. Kumbe kila alama ina cheo. Ni kama hisabati: 2 + 3 * 4 ni 14, si 20, kwa kuwa kuzidisha hutangulia. Na and vilevile hutangulia or. Kwa hiyo iliwafunga pamoja jirani na mwanamke, ikamwacha jamaa peke yake upande wa pili. Tena or ikishapata "kweli" upande wa kushoto, upande wa kulia haiutazami. Kwa Salim iliuliza: ni jamaa? Ndiyo. Ikamfungulia. Swali la mwanamke haikulifikia kabisa.

Haikukosea. Ilifanya nilichoandika. Hilo ndilo lililonishtua kuliko hata kofia ya Ami mlangoni.

Kilichokosekana ni mabano, kwa sababu kilicho ndani ya mabano hufanywa kwanza:

(jamaa or jirani) and mwanamke

Nuru alikuwa hajasema nami. Baada ya magharibi akaniita, uso wote wa manjano. Nikajua leo nasemwa. Akangoja Shangazi apite, akaninong'oneza, "Alikuwa amevaa nini?"

"Kanzu ya rangi ya maziwa. Kofia imekaa upande."

Akacheka mpaka liwa ikapasuka mashavuni, na Shangazi akarudi kumgombeza na kumpaka upya.

Mama bado anataka nimchagulie wanawake wa siku ya kupamba, Nuru atakapopambwa. Sijui ni imani au ni uchovu. Mabano nimeshatia, na jina la kwanza nililojaribu ni Salim. Amekataliwa. Kesho, kabla Mama hajashika simu, nitawajaribu wajomba wote mmoja mmoja. Na safari hii nitaandika "kupamba, wanawake watupu", haya nisiwe nayo.