Nimeomba Kazi Yangu
Inyonga, Jumanne

Hatimaye nimemwambia. Tangu niajiriwe kama afisa nyuki, bosi amekuwa akinipa kuchapa barua na kuandaa chai ya vikao, na mimi nanyamaza nisionekane mjuaji.

Leo nikagonga mlango wake. "Mkuu, naomba Jumatatu niwafundishe mimi wafugaji nyuki."

Akaniangalia. "Mbona hukusema siku zote? Nilidhani unaogopa kwenda porini."

Nilitoka nacheka, kisha hasira zikanipanda. Miezi yote hiyo...

Mama kapiga simu kutoka Katumba. "Yaani mwanangu umeomba kazi iongezeke?" Ndiyo, mama.

Naogopa. Wale wazee walianza kurina asali kabla sijazaliwa. Lakini tangu nifike hapa, sijawahi kuitamani Jumatatu hivi.