Kiwanja Wazi Nyuma ya Msikiti

Baba yangu,

Nina hofu, na heri niseme mapema kabla sijaanza kuzungukazunguka kama kawaida yangu. Wanataka kupanua soko. Pesa za wadi zimepatikana, trekta limeahidiwa, na mahali walipochagua ni hapo ulipolala.

Nilisikia kwa masikio yangu. Jumanne tuliitwa kwenye ukumbi wa chifu, ule ambao madirisha yake yanatazama nyuma ya msikiti, kutoa maoni kuhusu bajeti ya wadi. Mimi nilikwenda kwa sababu ya maji, unaujua mfereji wetu. Msimamizi wa wadi, kijana mpole tu, si mtu wa kuchukia, akasoma miradi mmoja baada ya mwingine: zahanati, taa za barabarani, kisha "upanuzi wa soko katika kiwanja wazi nyuma ya msikiti." Nikageuka kuwatazama akina mama waliokaa karibu nami. Walikuwa wanapiga makofi. Wengi wao huuza ndizi na viazi juani, na vibanda wanavihitaji kweli.

Mzee Hussein wa msikitini akasimama. "Pale si wazi," akasema. "Pale kuna watu wetu."

"Watu gani, mzee?" kijana akauliza, na alikuwa anauliza kweli. "Sisi tulitembea hapo yote na surveyor wa kupima ardhi. Hakuna msalaba hata moja, hakuna sementi, hakuna jina. Ni nyasi na mbuzi."

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, Baba, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Unajua huku kwetu mtu huzikwa shambani kwake, kando ya kahawa au migomba, na msalaba wake, na siku hizi hata vigae. Kwao, mahali pasipo na msalaba hapana mtu. Mzee Hussein akaketi.

Hapo nikakukumbuka kitandani, miguu imevimba, ukinipa amri kama ulivyokuwa unampa mteja wa cherehani yako siku ya kuja kuchukua suruali. "Sementi sitaki, mama. Udongo tu, na jiwe la mto." Uliniita mama kwa sababu mimi ndiye niliyebeba jina la mama yako, ingawa cheti kinasema Zainabu. Nikakuuliza watu watajuaje kuwa ni wewe. Ukanijibu, "Anayetakiwa kujua anajua." Nilikuona mkaidi siku ile, na bado nakuona mkaidi.

Ulikuwa hivyo tangu zamani. Mtoto wa mzee wa kanisa kutoka Kanyakine, ukaja huku chini ya mji wa Maua, mahali ambapo kila mtu anawaza miraa, wewe ukiwaza cherehani. Ukasilimu, ukaoa, na hukuacha kushona majoho ya kwaya. Kila ikikaribia Krismasi nyumba yetu ilijaa majoho mekundu mpaka tukakosa pa kukaa. Mama akilalamika unamwambia, "Waache waimbe wakiwa wamevaa vizuri." Nilidhani dunia yote iko hivyo.

Kisha nikafikia umri wa kitambulisho. Wenzangu wa darasani, akina Kendi, walijaza fomu wakaenda nyumbani. Mimi, kwa sababu ya jina la Kiislamu, nikaambiwa nikae kwenye benchi lingine nisubiri kamati ya kuchunguza uraia, na nilete karatasi za babu. Ulikuja mbio, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. "Babu yake ndiye alikuwa anapiga kengele ya kanisa huko Kanyakine," ukawaambia. "Sasa mnataka karatasi ya kengele?" Wakacheka, nami nikacheka. Kitambulisho nilikipata baada ya kusubiri sana. Lakini wewe hukucheka tulipokuwa tunarudi. Ulinishika mkono, mimi msichana mkubwa, mpaka mlangoni. Nilikuonea haya njia nzima, kumbe ulikuwa unaogopa.

Sasa naelewa pia kwa nini hukukosa kikao hata kimoja cha wadi. Kila mwaka ulienda kuomba ua wa makaburi, waya na nguzo tu, na kila mwaka ukajibiwa kwa upole kwamba serikali haijengei dini. Ua ungekuwepo, leo tungekuwa na kitu cha kuonyesha. Pesa zilipokuja, zilikuja na trekta.

Nimezunguka kwa majirani zetu wa msikitini. Mama Zuhura alifunga mlango kwanza ndipo akanena. "Mtoto wangu bado anangoja ID. Nikipiga kelele, file yake itapotea. Wewe pia nyamaza." Mwingine akaniambia tukizidisha maneno wataanza kuuliza tunaficha nini. Sikuweza kuwalaumu, maana mimi mwenyewe nilikuwa nawaza hayo hayo.

Na kikao cha kupitisha bajeti ni Ijumaa, saa saba mchana. Sidhani aliyepanga aliwaza lolote. Ila saa hiyo wanaume wetu wote watakuwa kwenye swala, na ukumbini tutabaki wanawake, pengine mimi peke yangu.

Jana baba mdogo Mugambi alifika kutoka Kanyakine. Habari zilikuwa zimemfikia. Alikuwa amebeba kitu kwenye gunia, na alipokifungua sebuleni nikaona msalaba wa mbao, umepigwa randa vizuri.

"Weka hii," akasema. "Moja tu. Hiyo trekta ikiona msalaba itasimama. Hata dereva akilazimishwa, atakataa."

"Baba alikuwa Mwislamu, baba mdogo."

"Kwani mimi sijui? Si ni ndugu yangu? Wacha kwanza abaki hapo. Hayo mambo ya dini tutaongea baadaye."

Nilitaka kucheka. Kisha nikaogopa, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Msalaba ungefanya kazi. Ungekulinda kuliko mimi, kuliko Mzee Hussein, kuliko vikao vyako vyote. Na moyo wangu, Baba, ulikuwa umeshakubali nusu.

Tukaenda wote. Nilitaka kumkatalia mbele yako, maana peke yangu nisingeweza. Siku ya kukuzika sisi wanawake tulibaki nyumbani. Yeye ndiye aliyeshika jembe pamoja na watu wa msikiti. Mimi nimekuwa nikija baadaye, nikifuata jiwe la mto. Lakini mvua za safari hii zimekuwa kubwa. Matuta yameshuka, mbuzi wamelala juu yake, na mawe ya mto niliyakuta matatu, yote yanafanana, hakuna hata moja lililokuwa mahali ninapopajua.

"Ni gani?" baba mdogo akauliza.

Nikasogea, nikarudi. Nikainama kugusa moja, nikaliacha. Nikamwambia yeye ndiye aliyekuwepo siku ile, anionyeshe.

Akazunguka na gunia lake begani, polepole, kisha akavua kofia. "Nilishika jembe hapa," akasema, "na mimi sijui." Halafu akashusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu. "Basi, usiambie mtu."

Msalaba aliondoka nao. Sikulazimika kumkatalia.

Naogopa, Baba. Siku uliyokufa sikukupoteza kama nilivyokupoteza jana, nikiwa nimesimama juu yako, au kando yako, sijui. Nilirudi nyumbani nikakaa na viatu miguuni mpaka chai ikapoa.

Kwa leo nakuaga. Ijumaa nitaenda ukumbini. Kiswahili chote cha shuleni kitanikimbia. Wakisema pale hakuna mtu, nitasema baba yangu yuko. Na wakiniambia nisimame dirishani niwaonyeshe ni wapi hasa, nitawaonyesha pote.

Ni mimi, binti yako,
Zainabu