Arudi na Barua ya Chifu

Jumatano, Chara

Bado naiona kalamu ya yule mwenyekiti wa usaili wa kazi ya ukarani, ofisi ya vitambulisho ya Garsen. Sijui aliandika nini.

Maswali ya kompyuta niliyajibu vizuri. Kisha akauliza, "Tuseme wewe ndiye karani. Mama mzee amekuja kutafuta kitambulisho, hana cheti cha kuzaliwa. Utamwambia nini?"

Nikajibu haraka, hata sikufikiri: "Arudi na barua ya chifu."

Akaitikia kwa kichwa, akaandika.

Mama yangu amerudishwa kutoka ofisi hiyo hiyo mara tatu kwa maneno hayo hayo. Mara ya mwisho mafuriko yalikuwa yamekata barabara, akavuka maji yakimfika kiunoni. Na mimi ndiye niliyekuwa nikisema yule karani aliyemrudisha hana utu.

Naogopa kuikosa kazi hii. Miaka minne nimekaa tu na diploma yangu. Lakini nikiipata kwa jibu lile...

Jioni Mama aliniletea chai. "Wamekuuliza nini, mwanangu?"

"Mambo ya kompyuta tu, Mama."

Akacheka kwa furaha. "Mungu akujalie. Safari hii pale dirishani nitakuwa na mtu wangu."