Mwende, Ulirudi na Sanduku Tupu

Mpendwa mdogo wangu Mwende,

Huku Mumbuni tuko sawa, hata mimi, yule wa kuongea kushinda redio. Watu wakiuliza unafanya kazi gani huko ng'ambo, nawaambia wewe ni konsaltanti wa kansa, unafundisha damu ya mtu kupigana na huo ugonjwa. Wanashangaa. Hata mimi nashangaa, lakini najifanya naelewa.

Unakumbuka tukiwa wadogo Kangundo, vile nilijikata mguu na jembe kwa shamba ya kahawa? Kila siku ulikuwa unafungua kitambaa uone kidonda. Nikikuchapa unasema, "Ngoja kwanza! Kuna kitu huko ndani inakufanyia kazi." Kumbe ulikuwa umeshaanza kazi yako.

Ndio maana nilifurahi vile ulikuja na utafiti yako. Ulitaka wamama wenye wametibiwa kansa wakupatie damu kidogo, ukachagua nyumba yangu juu wote wananijua. Siku ya kwanza walikuja watano, mkaongea tu, kutoa damu mkapanga ni wiki ingine. Mimi nilipika chai. Ukaniambia kitu moja: "Dada, mwenye ameingia hapa, jina lake linabaki hapa."

Nikasema ndio. Kesho yake niko sokoni napima ndengu, mtu akauliza, "Mbithe, wale wageni wa jana ni nani?" Mwana wa mwaitu, mtoto wa mama yangu, nilitaja wote watano! Nikaongeza nani ni titi, nani ni tumbo. Tukacheka. Kugeuka, mmoja wa wale watano ako nyuma yangu na kikapu. Hakuwa ameambia hata watoto wake.

Wiki ya kutoa damu ikafika, hakuna mtu alirudi. Siku tatu ulikaa ukiangalia geti, chai ikapoa kwa chupa. Ukaenda na lile sanduku lako la barafu, la kubebea damu, likiwa tupu. Hukunigombeza. Ulisema tu, "Nilikuchagua juu walikuwa wanakuamini." Siku hizi ukipiga simu ni salamu, unakata.

Nilienda kwa yule mama kuomba msamaha. Mara mbili alinifungia mlango. Mara ya tatu alinipatia kiti, chai akaninyima. Sawa tu.

Rudi, Mwende, na ubebe lile sanduku. Kuna mtu alikuja kwangu, akaniambia kitu, na anakungoja wewe. Sokoni wananichokoza, "Mbithe, uko mgonjwa? Umenyamaza sana!" Wacha waseme. Hata hapa jina siandiki. Ukikuja atakuambia mwenyewe, mimi nikiwa jikoni, mlango nimefunga.

Ni mimi dada yako, yule wa mdomo,
Mbithe