Mwaka Magari Yalipogoma Kutoka

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na Mama bado anakushinda karata. Mimi sijambo, nimenenepa kidogo, na ni kwa furaha.

Niliwahi kukuandikia kwamba tunauza magari kama njugu. Ilikuwa kweli. Mshonaji mmoja aliondoka na pikapu hata povu la kuoshea halijakauka. Kisha benki zikabana mikopo, mafuta yakapanda bei, na wanunuzi wakatoweka kama wamemezwa na ardhi. Magari thelathini na mawili yakabaki uwanjani. Ndege akajenga kiota kwenye kioo cha pembeni cha basi dogo, akatotoa, wala hatukumfukuza. Angalau yeye alikuwa mteja. Bosi akawaachisha kazi wauzaji watatu, akaniambia kwa upole kwamba mwezi ukiisha bila mauzo, zamu ni yangu.

Zikiwa zimebaki siku mbili, akaja mkunga mmoja, mama wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha. Akachagua gari dogo jekundu, akaniomba nimzungushe mtaani aisikie injini.

Hapa, Baba, naomba radhi. Sikujua kuendesha. Miaka sita nimeuza magari kwa ulimi tu. Ile picha unayowaringia majirani, nimeshika usukani, injini ilikuwa imezimwa. Siku zote fundi wetu ndiye aliyewazungusha wateja, akinifichia aibu. Siku hiyo hakuwepo. Nikamwambia mkunga ukweli, nikangoja matusi.

Akacheka mpaka akaegemea boneti. “Mwanangu, hata mimi sijui! Nilikuwa naona haya kukuambia.”

Akalipa siku ile ile. Fundi aliporudi, akatufundisha sote wawili humo humo uwanjani, katikati ya magari yaliyokosa soko. Niligonga ndoo mbili na lango la bosi. Mkunga akaleta wakunga wenzake, nao wakaleta dada zao. Kumbe walikuwepo wenye akiba, woga tu ndio uliowazuia! Sasa bosi anauza gari pamoja na mafunzo, na wauzaji wawili wamerudishwa kazini.

Leseni nimeipata Jumanne. Jumapili usije kunipokea stendi. Bosi ameniazima gari, nitafika hadi mlangoni. Utaketi mbele, Baba, na ukiogopa, ogopa kimya kimya.

Mpe Mama salamu zangu tele.

Ni mimi,
kitinda mimba wako