Ng'ombe Wanaziba Mlima

Jumamosi, 23 Agosti 2025

Stars tumefungwa jana. Moja bila, na Morocco, robo fainali, hapa hapa nyumbani! Leo kijiji kizima cha Runazi kimenuna. Mimi nimefungwa mara mbili: jana redioni, leo kwenye drafti. Mzee Malongo hana huruma na taifa wala na mtu. Kanichapa michezo minne mfululizo huku anatafuna karanga.

Ujanja wake ni uleule na bado naingia! Anakusogezea kete moja mdomoni, bure. Sheria ni kwamba ukiweza kula, lazima ule. Unakula. Kisha yeye anakula zako tatu na kupata kingi. Nimeanza kuupiga ubao picha kwa simu kila baada ya hatua mbili tatu, nikajifunze nyumbani. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Eti serikali imewaletea bwana shamba wa kupiga picha vizibo vya soda.

Cha ajabu bado ananiita tucheze. Barua yangu ya kumposa binti yake Rozina iko ndani kwake tangu Julai — baba yangu mdogo Matiasi aliileta mwenyewe kutoka Ngara, na koti la suti kalivaa. Jibu hakuna. Nilimuuliza siku moja kama ni sawa mimi kukaa naye hivi. Akasema drafti haina ukwe. Zaidi ya hapo naogopa kuuliza.

Picha ya leo: mahindi yaliyoanikwa mbele ya duka la Bukuru, saa kumi na moja jioni, jua limelala pembeni. Imekaa vizuri mno. Nimeiangalia mara ishirini.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimecheza sataranji na simu. Simu imeshinda. Dakika sita. Sina la kuongeza.

Alhamisi, 28 Agosti

SIKU GANI HII!

Nianze mwanzo. Magari ya kampeni yameanza kupita na vipaza sauti, mbuzi wa mzee Malongo wamekimbilia kwenye mihogo. Tukawarudisha, tukakaa kwenye ubao. Akasema mwaka huu atapiga kula asubuhi na mapema. Nikakodolea macho ubao — kula ipi? Sioni pa kula! Kumbe kura. Wasukuma na R hawajawahi kupatana. Sisi Wahangaza nasi L imetushinda, kwa hiyo tuseme suluhu.

Nikafungwa kama kawaida. Nilikuwa nimeinama naokota vizibo akasema taratibu, bila kuniangalia:

"Bwana Shamba, wewe una kamela. Mguu wangu huu hauwezi safali. Niletee picha za mahali, nione kwa macho. Ndipo nijibu ile balua."

Picha za mahali! Anataka kuona binti yake atakakoishi! Nilitegemea anipige maswali ya mshahara, ya nyumba ya bati, ya ukoo. Lakini huyu anataka kuona mahali. Na anayemwomba ni mimi, mtu ambaye akilala anaota mwanga! Nimeendesha pikipiki mpaka nyumbani nikiimba na kofia ngumu kichwani, nimejikera masikio mwenyewe.

Nikampigia Mama.

"Mama, mzee anataka picha za mahali."

"Mahari?"

"Ndiyo Mama, mahali."

Kigelegele alichopiga kimeniacha na sikio moja.

Jumamosi, 30 Agosti. Rulenge, Ngara, nyumbani

Nimefika jana usiku, nimeamka kabla ya jogoo. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni na vichwa vya migomba vimechomoza juu yake. Nikasema kimoyomoyo, Gidioni, leo usipopata picha uza kamera.

Natoka nje na stendi ya kamera — uwanja mzima ng'ombe! Baba mdogo Matiasi amewaleta wa kwake na wa kwetu, wameoshwa wanang'aa, mikia imechanwa. Yeye mwenyewe na lile koti la suti. Mama kavaa kitenge kipya, kasimama katikati yao, ameinua kidevu. Nilidhani kuna chanjo.

Nikaangalia kwenye kamera. Nyumba haionekani, njia ya kwenda chemchemi haionekani. Migongo tu. Nikasema baba mdogo, samahani, tuwasogeze, ng'ombe wanaziba mlima.

"Wasogee wapi?"

"Nyuma ya migomba kule. Wasionekane kabisa. Wanaharibu picha."

Wakatazamana, yeye na Mama. Mama akasema kwa sauti ndogo kwamba mwenye kamera ni mimi, labda siku hizi ndivyo inavyofanywa. Wakawaondoa. Jike mmoja mwenye baka jeupe alirudi mara tatu. Mara ya tatu nilimtupia bonge la udongo.

Baada ya hapo, raha tupu! Nimepiga nyumba kutoka juu. Mlango na Mama mlangoni. Dirisha la chumba kitakachokuwa chetu. Kahawa. Mlima wote, jua lilipoukuta. Na chemchemi chini ya nyumba, lile bomba tulilojenga na marehemu baba, maji yanatoka manene kama mkono. Hiyo ndiyo picha bora niliyowahi kupiga maishani. Nimeandika na sifuti.

Jumapili, 31 Agosti

Misa. Kisha nimechagua kumi na mbili kati ya sitini na nne. Baba mdogo hakusema nami chakula chote cha mchana. Sijui nimemkosea nini.

Jumanne, 2 Septemba

Biharamulo mjini, kikao cha pembejeo. Kikao kilipoisha nikaenda mbio steshenari, pale Rozina anapofanya kazi ya kuchapa na kutoa kopi. Ana namna ya kusimama na mashine ile, mkono kiunoni, kama anayemsubiri mtoto mkaidi amalize uji. Ningeweza kumpiga picha kila siku. Hataki.

Akawa anazitoa picha zangu moja moja. Ya nne akauliza hizi za nini.

"Za baba yako. Kaomba picha za mahali."

Akaacha mashine. Alisemaje hasa? Nikamwambia neno kwa neno. Akaniangalia. Akaziba mdomo kwa mkono, akakaa chini nyuma ya kaunta, nikawa naona mabega tu yanatikisika. Mteja mmoja akauliza kama dada anaumwa.

Nikasema niambie. Akakataa. Alipoinuka alikuwa amefuta machozi, na sura haikuwa ya kucheka tena. Akaishika ile ya chemchemi muda mrefu. Akaitoa upya kwa karatasi nene, ile ya gharama.

"Mpelekee hivi hivi," akasema. "Usiongeze kitu."

Jumatano, 3 Septemba

Ardhi ingepasuka leo ningeingia mwenyewe, bila kusukumwa.

Mzee alikuwa amenawa mikono. Kakaa kwenye kiti chenye mgongo. Mke wake kasimama nyuma yake, kavaa miwani. Nikampa bahasha kwa mikono miwili. Akaziangalia zote kumi na mbili, polepole. Akageuza ya mwisho akaangalia nyuma yake. Akachungulia ndani ya bahasha. Akaitikisa.

"Nzuli," akasema. "Ng'ombe wako wapi?"

"Ng'ombe gani, mzee?"

"Wa mahali!"

Nikamwonyesha mlima. Nikasema mahali ndiyo hapa. Akasema mahali, siyo mahali! Mke wake akaona nina shida ya kusikia, akanisaidia kwa sauti kubwa zaidi: "Mahali, baba! Mahali!" Wote wawili wakawa wananipigia kelele neno lilelile, na mimi nanyoosha kidole kwenye mlima uleule.

Halafu ikaniingia. Mahari! Picha za ng'ombe wa mahari! Mama aliposema mahari kwenye simu alikuwa amesikia sawasawa, mimi ndiye niliyesikia vibaya! Koti la suti! Mikia iliyochanwa! Na mimi nawafukuza na mabonge ya udongo!

Mzee alikuwa ameinamia ile ya mwisho. Pembeni kabisa kulikuwa na kitu.

"Huu mkia?"

"Wa ng'ombe, mzee."

"Mbona anaondoka?"

"Nilimfukuza."

Kisha akacheka! Alicheka kwa kupiga paja, mke wake akalazimika kuingia ndani. Bwana Shamba huyu, akasema, anaona majani tu.

Ningeondoka na kicheko hicho ningekuwa salama. Ila akarudia picha ya chemchemi. Safari hii hakucheka. Akauliza kutoka mlangoni mpaka kwenye maji ni hatua ngapi. Nikasema hamsini. Akauliza kiangazi yanakauka? Nikasema sijawahi kuyaona yakikauka, tangu nizaliwe.

Tukacheza. Nilimla tatu kwa mpigo na hakugutuka. Nimeshinda! Mara ya kwanza tangu nimjue, na sikupata hata ladha yake, kwa sababu hakuwa anaangalia ubao. Picha kumi na moja alinirudishia. Ya chemchemi akaiweka kwenye mfuko wa shati. Habari ya barua hakusema. Akaniaga tu.

Nimempigia Rozina nikiwa na hasira. Kwa nini umeniacha nikaaibike? Akasubiri nimalize. Akasema dada yake Eufrazia alipoolewa, baba aliwaona ng'ombe wote, akawashika mpaka meno. Wazuri kweli. Mahali hakuuliza mtu. Walikuja kupaona baada ya harusi: maji ni mwendo wa asubuhi nzima, kwenda na kurudi, na Eufrazia ana mgongo mbovu mpaka leo. Nyumbani kwao hakuna anayelitaja.

"Nilitaka ayaone yale maji kabla ya ng'ombe," akasema. "Basi."

Hasira ikaniisha. Nampenda huyu mwanamke. Lakini je, kama mzee amechukia? Kama ameona tumemtonesha kidonda? Sijui kitu. Nimeangalia picha zangu za ubao usiku huu, hazinisaidii.

Ijumaa, 5 Septemba

Hajaniita kucheza. Jana hakuniita, leo pia. Nimekagua viwavi kwenye mashamba matatu na sikumbuki hata kimoja.

Jumapili, 7 Septemba

Redio imetangaza tangu asubuhi: mwezi utapatwa jioni ya leo. Saa moja na nusu mke wa mzee akamtuma jirani: Bwana Shamba aje na kamera. Nimefika bado nafunga vifungo vya shati!

Watu wamejaa uani. Mwezi ukaanza kuliwa pembeni, kidogo kidogo, mpaka saa mbili na nusu ukawa mwekundu wote. Wamama wakaguna. Nimepiga themanini. Sabini na tisa ni nyanya iliyosahauliwa jikoni. Moja — moja tu — ina mwezi na paa la mzee na kichwa chake mwenyewe ametazama juu, mdomo wazi. Nimekuwa mtu mwenye furaha kwa dakika tatu kamili.

Akaja akasimama karibu yangu. Akaomba kuchungulia. Akachungulia kwa muda mrefu, nikafikiri amesinzia.

"Jumamosi nakwenda Ngala," akasema akiwa bado na jicho kwenye kamera.

"Mguu, mzee?"

"Mguu ni wangu."

Hakusema anakwenda kuona nini. Sikuthubutu kuuliza. Nimempigia Mama: anakuja mwenyewe! Mama naye safari hii hakutaka makosa. Akauliza kwa utaratibu, ni mahari yenye ng'ombe au mahari yenye mlima?

Nikasema zote mbili, Mama. Andaa zote.

Jumamosi, 13 Septemba. Rulenge

Naandika nimekaa kwenye gogo nyuma ya jiko, karibu na chemchemi, daftari gotini. Mkono nikiuacha bure utafanya jambo la kijinga.

Wameshuka kwenye Probox saa nne, yeye na ndugu yake. Shikamoo zote zimekwenda vizuri. Ng'ombe wamepangwa mstari tangu alfajiri, wameoshwa mara mbili, baba mdogo Matiasi na koti lake, ameshika fimbo kama askari. Yule wa baka jeupe yuko mbele kabisa. Ameniangalia kwa dharau.

Ndugu yake mzee ameenda moja kwa moja kwa ng'ombe, ameanza na pembe.

Mzee hakwenda. Amepita mbele yao hata shingo hakugeuza! Baba mdogo alikuwa ameshafungua mdomo kutaja ukoo wa yule dume, ameufunga. Mzee amefika mlangoni, amesimama, ametoa ile picha mfukoni, imeshakunjika pembe. Ameinua, ameshusha, ameangalia bondeni. Kisha ameweka mgongo kwenye mlango na kuanza kushuka, fimbo mkono mmoja, anahesabu hatua kwa Kisukuma, kwa sauti.

Hamsini! Nani alinituma kusema hamsini? Sijawahi kupima! Nilikadiria tu! Mama kamfuata na kikombe, mzee akamwashiria asubiri. Nami nikahesabu huku nyuma. Hamsini ilipita akiwa bado kwenye kahawa. Sitini. Kwa hesabu yangu amefika sabini na moja. Na ule mguu mbovu.

Ameinama, amekinga maji kwa kiganja, amekunywa. Amekinga tena. Amevua kiatu, amekaa kwenye jiwe la marehemu baba pembeni ya bomba, mguu mbovu ameuweka chini ya bomba.

Mwanga ni mzuri kupita kiasi. Kamera iko shingoni, sijaifungua.

Sasa ametoa simu. Anabonyeza namba moja moja, ameishika mbali na macho. Nilidhani anampigia Rozina. Nilikuwa hata nimeanza kutabasamu.

"Eufrazia," namsikia. "Eufrazia, mwanangu. Ni baba."

Na sasa anasikiliza. Maji yanampita mguuni. Baba mdogo amekuja kuniuliza kwa kunong'ona kama ashushe ng'ombe huku chini waonekane. Nimemwambia asubiri kwanza. Simu ya mzee bado iko sikioni.