Joho Lililoungua Nikieleza Galaksi

Kikwajuni, Unguja
12 Februari 2025

Mpendwa Haitham,

Assalaam aleikum. Natumai u mzima na kazi za Maskati hazijakumaliza. Sisi hapa wazima, ila goti langu lina maoni yake. Shikamoo yako usiilete kwanza; soma.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ulimi wangu umeshanishinda. Nilikwambia joho la marehemu baba yako, ulilotaka kulivaa harusini, limetafunwa na panya. Panya hawahusiki, masikini. Nimeliunguza mimi, mjomba wako.

Dada yako Salhiya alilitunza sandukuni miaka kumi na moja, akaniletea zima nikutumie. Nikaona liende likinukia kwenu. Nikalitandaza juu ya tenga, chetezo cha udi chini yake.

Moshi ukamfikia jirani, Bi Radhiya. Akaniita dirishani: "We Masoud! Wafukiza nguo au wanfukiza mie?"

Badala ya kuomba radhi, nikamsomesha. Unayajua maradhi yangu ya vitabu vya nyota. Nikamwambia galaksi nazo ndivyo zifanyavyo: oksijeni na chuma hupikwa ndani ya nyota, na nyota kubwa zikiripuka, pepo zake huvisukuma hata nje ya galaksi yenyewe, vikatapakaa kwenye uwazi baina ya galaksi na galaksi. Vingine hurudi vikawa nyota mpya, vingine ndiyo vimekwenda. Hata kaboni ya makaa haya, nikasema, huenda ilishatoka nje ikarudi.

"Basi geuka," akasema, "galaksi yako yaungua!"

Bega la kushoto lote, Haitham, pamoja na tarizi.

Lakini joho silo linaloniumiza zaidi. Wewe ulimlaumu Salhiya kwamba hakulitunza, naye akaamini. Juzi alikaa hapa kwangu akalia, akasema haji harusini, hana uso wa kukutazama. Nami nilijua. Nikamtilia chai.

Leo baada ya alasiri nakwenda kwake na joho mkononi, nimwambie mwenyewe. Wewe, barua hii ikikufika, mpigie yeye kabla ya kunijibu mimi. Mwombe radhi, na umwombe aje. Nafasi ya kuja huko harusini ikiwa ya mtu mmoja tu, mimi nitabaki Kikwajuni.

Msalimie mchumba wako Maisara na shangazi yako Bi Zuleikha. Mungu aijaze nyumba yenu mapenzi na ukweli.

Ni mimi, mjomba wako akupendaye na aliyekukosea,
Masoud